Kamera ya mkanda ya bei nafuu: yanayosemwa na yalivyo

Anayetafuta kamera ya mkanda, yaani ya filamu, iliyotumika siku hizi hupewa ushauri mwingi kabla hajaishika hata moja. Baadhi ni wa kweli. Mwingine umetoka kwa wanaouza, au kwa waliozoea kamera za dijitali wakadhani mambo ni yaleyale. Matokeo yake pesa inakwenda kwenye jina lililoandikwa juu ya kamera, na hali ya kamera yenyewe haikaguliwi. Nitayapitia yale yanayowagharimu zaidi wanaoanza, na nitakawia kwenye ukaguzi, maana hapo ndipo wengi huumia.

"Kamera ya bei ndogo hutoa picha mbaya"

Kwa kamera ya dijitali kauli hii ina msingi, kwa sababu kihisi kinachopokea picha kimo ndani ya kamera na hakibadilishwi. Kwa kamera ya mkanda, kinachopokea picha ni mkanda wenyewe, nao unaununua wewe. Mkanda wa Kodak Gold 200 uliomo ndani ya Leica ya bei kubwa ni uleule utakaoutia ndani ya Zenit-E ya Krasnogorsk, kamera ya Kirusi ya bei ndogo. Mwili wa kamera una kazi chache: kuzuia mwanga usiingie ovyo, kufungua na kufunga shata (kizuizi kinachoruhusu mwanga uufikie mkanda) kwa muda uliopangwa, na kusogeza mkanda kwa hatua sawa. Ikizifanya vizuri, haidaiwi zaidi. Ukali wa picha unatoka kwenye lenzi, na lenzi za kawaida za milimita 50 za miaka ya 1970, zile zilizouzwa pamoja na kamera, ni kali kweli, hasa ukibana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/5.6 au f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo).

Bei hupandishwa na sifa. Canon AE-1 ya mwaka 1976 na Pentax K1000, iliyotoka mwaka huohuo na kuendelea kutengenezwa hadi 1997, zinatajwa kila mahali, kwa hiyo kila muuzaji anajua thamani ya majina hayo. Lakini kifungio cha lenzi cha Pentax, kile cha aina ya K, kilitumiwa pia na Ricoh, Chinon na Cosina. Ricoh KR-5 inapokea lenzi zilezile za Pentax, shata yake ni ya kimakenika kama ya K1000, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo. Kwenye lenzi za skrubu za M42 mambo ni hivyohivyo: Zenit-E, Praktica nyingi za Dresden, Pentax Spotmatic na baadhi ya Fujica zote zinatumia uzi mmoja wa milimita 42. Helios 44-2 iliyokuja na Zenit inaingia kwenye Praktica hizo bila adapta yoyote. Kama nyumbani kwa mjomba au babu kuna lenzi iliyobaki ndani ya kabati, tazama kwanza kifungio chake kabla hujatafuta mwili wa kamera. Huenda nusu ya gharama imeshalipwa tangu zamani.

Na picha nzuri kwetu hazikusubiri vifaa vya kifahari. Omar Said Bakor wa Lamu alijifunza upigaji picha mwenyewe, akafungua Bakor Studio, na picha zake za kukata na kuunganisha bado zinazungumzwa na watafiti. Zilitokana na jicho lake na kazi ya mikono yake.

"Shata ikilia, kamera ni nzima"

Hii ndiyo kauli ninayotaka msomaji aitupe kabisa. Muuzaji anafyatua mara moja, inalia "kla", pesa inatoka mfukoni. Mlio unathibitisha tu kwamba kitu fulani ndani kimesogea.

Fungua mgongo wa kamera, hakikisha hakuna mkanda ndani, kisha weka shata kwenye sekunde moja kama kamera ina kasi hiyo. Fyatua, usikilize. Sekunde iwe sekunde. Ikichukua mbili, au shata ikakwama wazi, mafuta ya ndani yamekauka na kugeuka gundi. Ni ugonjwa wa kawaida wa kamera iliyolala miaka mingi. Shuka hatua kwa hatua: nusu, robo, moja ya nane. Kila hatua isikike fupi kuliko iliyotangulia. Kama simu yako inarekodi video ya mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde, rekodi shata ikiwa kwenye 1/30 na uhesabu fremu ambazo mwanga unaonekana, zikaribie nane. Kasi za juu kama 1/1000 hazipimiki kwa njia hiyo, lakini elekeza kamera kwenye anga angavu, tazama kutokea nyuma, na ufyatue: eneo zima la fremu liwake mara moja. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia moja kati ya mawili ya shata linalifikia jenzake, na picha zako zitakuwa na ukanda wa giza.

Pazia la kitambaa limulike kwa tochi ya simu kutoka mbele, lenzi ikiwa imeondolewa na kioo cha ndani kinachoakisi picha kimeinuliwa, uone kama kuna vitundu kama vya sindano. Usiliguse kwa kidole hata kidogo.

Kisha sponji. Kamera nyingi za Japani zina sponji nyembamba kwenye mifereji ya mlango wa nyuma na mahali kioo kinapogonga kikiinuka. Baada ya miongo kadhaa sponji hiyo huwa unga mweusi au lami inayonata. Hili halinitishi, kwa kuwa sponji mpya ni za bei ndogo na mtu mwenye subira anaweza kuzibandika mwenyewe mezani. Lakini ni sababu halali ya kupunguziwa bei, na muuzaji anayesema kamera ni "kama mpya" wakati sponji zimeyeyuka hajaifungua.

Fungua na kijumba cha betri. Unga mweupe au wa kijani ni betri iliyovuja. Ukiwa kidogo juu ya bati, pamba yenye siki kidogo huuondoa. Ukiwa umepanda kwenye nyaya, achana na kamera hiyo. Kwa Canon za familia ya AE-1 sikiliza pia kama shata inapofyatuka kuna mlio wa kukohoa au wa filimbi. Ni mafuta yaliyokauka kwenye mtambo wa kioo. Fundi anautibu, ila gharama ya fundi itoke kwenye bei ya kamera.

Kwa kamera za Urusi kama Zorki 4 kuna jambo moja la kukumbuka: vuta mkanda kwanza, kisha ndipo ubadilishe kasi ya shata. Kugeuza kinyume kunaweza kuharibu mtambo, na kamera nyingi zimeharibiwa hivyo na wanunuzi waliokuwa wakizijaribu.

"Vumbi ndani ya lenzi limeiharibu, ila kuvu kidogo inafutika"

Ni kinyume chake. Chembe za vumbi ndani ya lenzi karibu hazionekani kwenye picha, na hata mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele huwa hauna madhara ila unapopiga ukielekea jua. Adui ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni. Kuvu huila rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hata ikisafishwa, alama inaweza kubaki. Kuna pia utando mweupe wa ukungu unaoenea kioo kizima na kuzimisha weusi wote wa picha.

Kuviona, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, washa tochi upande mmoja, na uchungulie kwa pembe kutoka upande wa pili. Ukitazama moja kwa moja kwenye mwanga wa dukani huvioni.

Sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, tunaishi ndani ya unyevu ambao kuvu inaupenda. Yale makasha ya ngozi yaliyokuja na kamera za zamani ni mazuri kwa macho, lakini ngozi huhifadhi unyevu na kuulisha kuvu. Hifadhi kamera kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya jeli ya silika, na uvikaushe au uvibadilishe vikilowa.

"Kamera za zamani hazitumii betri"

Zingine hazitumii, zingine bila betri ni jiwe. K1000 inafyatua kasi zote bila betri. Betri ndogo iliyomo ni ya kipima mwanga tu, nacho hakina swichi, kwa hiyo kamera ikikaa bila kifuniko cha lenzi inaendelea kuimaliza. AE-1 shata yake inaongozwa kwa umeme: bila betri ya volti 6 haifyatui kabisa. Hapo hutokea makosa ya pande zote mbili. Watu huitupa AE-1 nzima wakidhani imekufa, na wengine hununua iliyokufa kwa kuaminishwa kwamba "inahitaji betri tu". Nenda na betri yako mfukoni.

Kuna kundi la tatu. Olympus OM-1, Minolta SR-T 101 na Canonet QL17 GIII zilibuniwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena kwa sababu ya sumu ya zebaki. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipima mwanga hupotosha. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, hutoa takriban volti 1.4 kwa utulivu na ni mbadala mzuri, ingawa hazidumu muda mrefu baada ya kubanduliwa kibandiko chake.

Na kipima mwanga kikiwa kimekufa, kama kilivyo kwenye Zenit-E nyingi, shata inaendelea na kazi yake. Programu ya simu inapima vizuri. Kwenye jua kali hata hiyo si lazima: tundu f/16, kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO, ile inayoonyesha wepesi wa mkanda kupokea mwanga. Mkanda wa ISO 200 unataka 1/250. Mkanda wa rangi wa negativu (unaotoa picha ya kinyume, ya kuchapishwa au kuskaniwa) unavumilia mwanga ukizidi kidogo kuliko ukipungua, hivyo ukiwa na shaka ongeza.

"Ya chuma ni bora kuliko ya plastiki"

Kwa uzuri, ndiyo. Kwa bajeti, hapana. Canon EOS 300 ya 1999 na Nikon F65 hazipendwi na wakusanyaji, ndiyo maana ni nafuu, nazo zina fokasi ya otomatiki na kipima mwanga cha kuaminika. Zinatumia betri mbili za lithiamu za CR2, uliza kwanza kama zinapatikana mjini kwako. Mwenye lenzi za Canon EF za kamera ya dijitali anaweza kuzitumia kwenye EOS ya mkanda; zile za EF-S hazikubali.

Tahadhari yangu ni juu ya kamera ndogo za mfukoni kama Olympus mju II. Ni nzuri, bei zake zimepaa, na ubao wake wa umeme ukifa, fundi hana la kufanya ila kung'oa kipuri kwenye kamera nyingine iliyokufa. Siwezi kumshauri mwenye pesa kidogo aziweke zote hapo.

"Mkanda ni mkanda"

Unaotaka wewe ni wa milimita 35, ambao Kodak waliuweka kwenye kaseti yake ya kawaida mwaka 1934. Kamera za APS, zenye kaseti ya aina yake, zilianza 1996 na mkanda wake haukutengenezwa tena tangu 2011. Brownie nyingi, kamera za zamani za Kodak, zinatumia mkanda wa 620, ambao ni ule mpana wa 120 kwenye kigurudumu chembamba. Ukiona kamera inauzwa kwa bei ya chai, swali la kwanza liwe mkanda wake.

"Ukishanunua kamera, gharama imekwisha"

Kila mkanda unalipiwa, kusafisha kunalipiwa, kuskani kunalipiwa. Fanya hesabu ya mikanda mitano pamoja na kamera. Mkanda mweusi na mweupe unaweza kuusafisha nyumbani kwa tangi, dawa ya kusafishia na dawa ya kukaza picha, kisha negativu ukaipiga picha kwa simu juu ya mwanga mweupe. Vipimo vingi vya dawa hizo vimeandikwa kwa nyuzijoto 20, na maji ya bomba Dar es Salaam ni ya moto kuliko hapo, kwa hiyo andaa beseni la barafu au fuata jedwali la kupunguza muda. Mkanda wa rangi unataka karibu nyuzijoto 38 bila kuyumba, kazi ngumu zaidi.

Mkanda wa kwanza kwenye kamera mpya kwako usiwe uliopita muda wake, hata ukipewa bure. Picha zikitoka hafifu hutajua kama mkosaji ni kamera au mkanda uliokaa kwenye joto. Tumia mpya, andika kasi na tundu la kila picha, kisha omba negativu zako na uzisome. Michirizi ya mwanga inayotokea ukingoni ni sponji. Fremu zinazopandana ni gia za kusogeza mkanda. Upande mmoja wa fremu ukiwa mtupu kwenye kasi za juu pekee, ni pazia. Mkanda wote ukiwa mtupu huku namba za pembeni zinasomeka vizuri, usafishaji ulikuwa sawa na mwanga haukuufikia mkanda: ama haukushika kwenye kigurudumu au shata haikufunguka. Namba nazo zikiwa hazipo, kosa ni la dawa, na kamera haina hatia. Kwa fundi nenda na negativu hizo pamoja na daftari lako, maana atajua aanzie wapi kabla hajafungua skrubu ya kwanza.