Tumbo halina uchafu wa miaka mingi

Sokoni Mtwara hukosi kumsikia mtu akisifu haluli, eti "inasafisha tumbo". Maelezo ni yale yale tangu enzi za bibi: uchafu wa miaka mingi umeganda kwenye kuta za utumbo, na bakteria wamejazana humo.

Uchafu huo haupo. Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, na seli kuukuu hutoka na choo. Haluli ni chumvi iitwayo magnesi salfeti. Huvuta maji hadi utumboni, ukaharisha. Unachokiona chooni ni choo cha kawaida pamoja na maji na chumvi za mwili wako mwenyewe. Mwenye figo mbovu inaweza kumdhuru vibaya, maana magnesi hubaki mwilini.

Bakteria ni kweli wamo, tena wengi. Mwaka 2016 wanasayansi Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walikadiria kuwa mwanamume wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi, karibu sawa na idadi ya seli zake. (Ile hesabu ya zamani iliyoenea, ya bakteria kumi kwa kila seli moja ya mwili, nayo tuiache.) Wengi wako kwenye utumbo mpana. Hula nyuzinyuzi za mbaazi na kunde ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, kisha hutoa butireti, asidi inayolisha seli za utumbo huo. Pia huwanyima nafasi vimelea wa maradhi, ndiyo maana antibayotiki za kumeza ovyo, zikiwaua bakteria hawa, huweza kuleta kuhara kukali.