Masega, spesa na springi zilizokatwa: dhana potofu za gereji ya uani

Gari likitoka Dar es Salaam likapanda hadi Arusha, mwenyewe huliona limekuwa zito. Akilikanyaga kwenye kilima, linasita. Ushauri wa kwanza kijiweni huwa mmoja: toa masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya kopo la ekzosi. Wa pili, kwa kuwa njia ya mtaani ina mawe: weka spesa, kipande cha kunyanyulia bodi. Kazi zote mbili hufanyika uani kwa jeki, gurainda na mashine ya kuchomelea, na mara nyingi hakuna aliyepima chochote kabla ya kukata.

"Gari halina nguvu, masega yanalibana"

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza kati ya asilimia 12 na 15 ya nguvu zake za juu kabisa. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, hasara haifiki asilimia 10. Hakuna bomba litakaloirudisha hewa hiyo. Likishuka tena Dar, gari hilohilo litachangamka bila kuguswa.

Ni kweli masega huziba, ila hilo linapimika. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega (nyingi hufunguliwa kwa spana namba 22, na hulegea kirahisi zaidi bomba likiwa vuguvugu), kisha funga geji ya mgandamizo mahali pake. Injini ikishapata moto na ikinguruma bila kukanyagwa, geji isizidi psi 1.5. Ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, isizidi psi 3. Ikiwa chini ya hapo, masega hayana kosa; kaangalie plagi, filta ya hewa na msukumo wa pampu ya mafuta.

Ikizidi, yameziba, na swali linalofuata ni nini kimeyaziba. Plagi au koili inayokosa kuwasha hupeleka petroli mbichi hadi kwenye masega, ikaungulia humo na kuyayeyusha. Injini inayokula oili huyapaka majivu. Ukifunga masega mapya bila kutibu hayo, mapya nayo yatakwenda njia ileile.

Kuyatoa yakiwa mazima hakupunguzi ulaji wa mafuta. Mchanganyiko wa petroli na hewa unasimamiwa hasa na sensa ya mbele, ambayo haijali kilichopo nyuma yake. Sensa ya nyuma ndiyo itakayolalamika: kodi ya hitilafu P0420 na taa ya cheki injini isiyozimika. Taa hiyo ikishazoeleka, siku hitilafu nyingine kubwa ikitokea hakuna atakayeijua. Wanaoyavunja kwa nondo na kuacha kopo tupu hupata na mlio wa kupasuka juu yake, maana moshi hutanuka na kuzunguka humo kabla haujatoka. Ndani ya masega mna madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo fundi anayejitolea kukutolea masega bure anajua anachokifanya.

"Bomba pana, nguvu nyingi"

Dhana hii ina pacha wake asemaye injini inahitaji kubanwa kidogo ili ivute. Wote wawili wamekosea, ingawa pacha amekaribia. Injini haihitaji kubanwa. Inachohitaji ni moshi uende kasi, ili fungu moja likitoka lisaidie kulivuta linalofuata. Bomba likipanuka kupita kiasi, kasi hiyo hufa kwenye mizunguko ya chini, na mizunguko ya chini ndiyo unayoitegemea ukipanda Kibosho au Marangu na abiria watano. Kwa injini ya lita 1.3 au 1.5, inchi 2 ni upana wa kutosha kabisa. Inchi 2.5 ni kelele tu.

Na kelele si nguvu. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Katundu kadogo kwenye ekzosi si kitu"

Inategemea kako wapi. Kakiwa kabla ya sensa ya mbele, kanavuta hewa ya nje kila mgandamizo wa bomba unaposhuka kati ya fungu moja la moshi na jingine. Sensa huona oksijeni nyingi, kompyuta ikadhani petroli imepungua, ikaongeza. Gari linaanza kula mafuta na mtu anabadilisha nozeli zisizo na kosa.

Kakiwa chini ya sakafu, hatari ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo sababu bomba lazima litokeze nje ya bampa ya nyuma. Ekzosi iliyokatwa ikaishia chini ya siti za nyuma hurudisha moshi ndani kupitia mipira ya milango, hasa gari likiwa kwenye foleni. Kichwa kikianza kuuma na ukapata kizunguzungu kinachoisha ukishuka, usiendelee na safari.

Kuchomelea kwenyewe kuna utaratibu. Lililo bora ni kulishusha bomba lote. Ikishindikana, toa waya wa hasi wa betri, chomoa soketi za sensa, na bana klempu ya athi kwenye bomba lenyewe karibu na unapochomelea. Ukiibana mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi na nyaya. Kagua mabomba ya petroli na breki yaliyo jirani. Usitumie bomba la maji la mabati: zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku. Mwisho, rudisha mipira ya kuning'inizia. Injini hutikisika, na ekzosi iliyofungwa kwa waya mgumu huhamishia mtikisiko huo kwenye manifoldi (mdomo wa ekzosi kwenye injini) hadi ipasuke.

"Kunyanyua gari ni spesa tu"

Spesa ya milimita 30 juu ya shokapu ya mbele hunyanyua bodi milimita 30, lakini shokapu haijarefuka. Tairi likining'inia, linashuka milimita 30 zaidi ya pale mtengenezaji alipolikomesha. Kinachovutwa ni sivi jointi (kiungo cha shafti ya tairi) na mpira wake, hozi ya breki, boljointi na linki ya stabilaiza. Kwa gari dogo la kuvuta mbele, 30 ndiyo ukomo; aliyeweka 50 atanunua shafti.

Ukimaliza kufunga, usishushe gari kwanza. Tairi zikiwa hewani, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukitazama kama hozi imekaza au mpira wa sivi umekunjika ukajigusa. Hakikisha nati za juu zimeuma uzi wote. Bolti isiyotokeza juu ya nati ni fupi, hata kama nati imekaza.

Gari lililonyanyuliwa mbele peke yake hurusha taa juu. Usiku kwenye barabara ya Usa River kwenda Boma Ng'ombe, anayekuja mbele na bodaboda haoni kitu. Rekebisha taa siku hiyohiyo. Alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi) nayo huhama, na usipoipima tairi zitakatika upande mmoja kabla hujajua.

Ile mipira inayobanwa katikati ya koili za springi ni habari nyingine. Huiua koili moja, koili zilizobaki zikabeba kazi yake, na springi hukakamaa. Gari litapanda kidogo na litakurusha sana.

"Nataka lishuke, kata koili moja"

Springi yenye koili sita zinazofanya kazi, ukikata moja, huwa ngumu kwa asilimia 20, na huku nafasi ya kujikunja imepungua. Ukikata kwa moto wa gesi, chuma hupoteza ugumu wake pale kilipoungua. Baya zaidi ni kwamba springi fupi hulegea kwenye vikalio vyake tairi likining'inia, na mtaro mmoja wa Ngarenaro unatosha kuihamisha.

"Gari limelala nyuma, shokapu zimekufa"

Kinachobeba uzito ni springi. Shokapu kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kudunda. Lililolala linataka springi; linalodunda mara tatu baada ya tuta linataka shokapu.

"Bushi za siku hizi zote feki"

Feki zipo, lakini nyingi zinauawa siku ya kufungwa. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye vyuma viwili, cha ndani na cha nje, na hufanya kazi kwa kujisokota. Fundi akikaza bolti ya mkono wa chini (chuma kinachoshikilia tairi kwa chini) huku tairi likining'inia, mpira hugandia hapo. Gari likishushwa, bushi inakuwa imejisokota muda wote hata likiwa limeegeshwa, na rasta za barabarani za wiki chache humalizia kuichana.

Utaratibu ni huu: funga bolti zote kwa mkono, zilegee. Weka jeki chini ya mkono wa chini, inua hadi uzito wa gari uukalie na shokapu ijikunje kama gari lilivyo barabarani, ndipo ukaze. Stendi ziwe zimebeba bodi wakati wote huo.

Ukibadilisha springi, bana kwa klempu mbili zinazoelekeana, na usifungue nati ya juu mpaka springi icheze kwenye vikalio vyake. Kabla ya kutoa bolti mbili za chini za shokapu, zichore alama, kwa kuwa kwenye magari mengi ndizo zinazoamua tairi linasimama wima au linainama. Nati za tairi za Toyota ndogo zikazwe Nm 103. Baada ya kilomita 100 hivi, yaani Arusha hadi Moshi na mizunguko ya mjini, pitia bolti zote tena kwa spana, kisha ndiyo upeleke gari alaimenti.