Je, wajua kwa nini A zimekuwa nyingi vyuoni, na nani anaumia?

Desemba 2013, katika kikao cha wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Harvard, Profesa Harvey Mansfield alisimama akauliza kama ni kweli kwamba alama inayotolewa mara nyingi zaidi chuoni hapo ni A-. Mkuu wa masomo ya shahada ya kwanza akamjibu kwamba A- ni alama ya katikati tu, yaani angalau nusu ya alama zote ziko hapo au juu yake. Inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni A kamili.

Mansfield alikuwa na historia na suala hilo. Mwaka 2001 alianza kumpa kila mwanafunzi wake alama mbili: moja ya kwenda kwenye rekodi rasmi, iliyolingana na ukarimu wa wenzake, na nyingine ya faragha, ile aliyoona mwanafunzi kaistahili. Hebu fikiria: mwalimu anasaini alama ambayo mwenyewe haiamini, na ile anayoiamini hakuna mwajiri atakayeiona.

Huo ndio mfumuko wa alama. Kazi ambayo zamani ingepata B sasa inapata A, bila ubora wake kubadilika. Stuart Rojstaczer na Christopher Healy, waliokusanya takwimu za vyuo vingi vya Marekani, walionyesha kwamba mwaka 1960 A zilikuwa takriban 15% ya alama zote. Kufikia 2008 zilikuwa 43%. Uingereza nako hali ni hiyohiyo. Wahitimu wa vyuo vya England waliopata daraja la kwanza walikuwa karibu 16% mwaka wa masomo 2010/11. Miaka kumi baadaye, wakati wa korona, walizidi 37%, kisha idadi ikashuka.

Huenda wanafunzi wa leo ni bora zaidi? Wengine ndiyo, hasa kwenye vyuo ambako ushindani wa kuingia umekuwa mkali. Lakini wachumi Philip Babcock na Mindy Marks waligundua jambo linaloharibu maelezo hayo: mwaka 1961 mwanafunzi wa chuo anayesoma muda wote nchini Marekani alitumia takriban saa 40 kwa wiki darasani na kwenye vitabu, na mwaka 2003 saa 27. Muda wa kusoma umepungua huku alama zikipanda.

Wimbi la kwanza lilikuja miaka ya 1960, na mara nyingi huhusishwa na vita vya Vietnam. Kijana aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa kuandikishwa jeshini, na kufanya vibaya masomoni kungeweza kumpokonya nafuu hiyo. Ni mwalimu gani angeandika D kwa moyo mweupe akijua inaweza kumpeleka mtoto wa mtu vitani? Baadaye alama zikatulia, na katikati ya miaka ya 1980 zikaanza kupanda tena. Safari hii vita havikuwepo. Kilichokuwepo ni ada zinazopanda, mwanafunzi anayehesabiwa kama mteja, na fomu za kutathmini wahadhiri.

Fomu hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mchukue mhadhiri wa mkataba, mwenye rundo la insha za kusahihisha na mkataba unaokwisha mwisho wa mwaka. Insha iliyo mbele yake ni ya B. Akiandika B, mwanafunzi atakuja ofisini kulalamika, na huenda akakata rufaa. Fomu ya tathmini ikija, itajazwa na mtu mwenye kinyongo, kisha itasomwa na watakaoamua kama mkataba unaongezwa. Akiandika A-, anakwenda kulala. Nani wa kumlaumu?

Na je, fomu hizo zinapima ufundishaji mzuri? Scott Carrell na James West walilichunguza hilo katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua. Walimu ambao wanafunzi wao walifaulu vizuri kwenye kozi ya kwanza walipewa tathmini nzuri, lakini wanafunzi haohao walifanya vibaya kwenye kozi zilizofuata. Mimi huo utafiti ningeubandika kwenye kila ofisi inayoajiri wahadhiri.

Sasa madhara. Bei ikipanda haina dari, alama inayo. Juu ya A hakuna kitu, kwa hiyo kila mmoja akisogezwa juu, wote wanabanana palepale. Aliyekesha na aliyegusagusa wanatoka na cheti kimoja. Na msongo haupungui kama ambavyo mtu angetarajia. Pale ambapo karibu kila mtu ana A, B+ moja inakushusha chini ya kundi, ndiyo maana wengi hukwepa kozi ngumu hata kama wanazipenda. Bidii nayo inalegea: Babcock alikadiria kwamba darasa linalotarajia wastani wa A husoma karibu nusu tu ya muda ambao lingesoma kama lingetarajia C.

Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanafunzi hodari asiyejulikana na mtu. Mwajiri mwenye maombi mia, yote yana A, ni lazima atafute kigezo kingine. Ataangalia jina la chuo, mafunzo kazini ambayo mara nyingi hayalipi, barua ya mtu mzito. Alama ilikuwa silaha pekee ya mtoto wa asiye na kitu, nayo imefanywa butu.

Haki isemwe: ukarimu huo una faida yake. Watafiti wanaona umechangia sehemu kubwa ya ongezeko la wanaomaliza shahada Marekani tangu 1990. Mtu aliyevuka kwa C ya huruma akahitimu hajadhulumiwa. Lakini huruma hiyo ni ya kwenye mstari wa kufaulu, haielezi A za kumwaga.

Kwa nini basi chuo kisikaze tu? Princeton ilijaribu mwaka 2004, ikataka A zisizidi 35%. Wanafunzi wakaona wanapelekwa sokoni mikono imefungwa ilhali wa Harvard na Yale wako huru, na mwaka 2014 utaratibu ukafutwa. Wellesley iliweka kikomo cha wastani wa B+ kwenye kozi za ngazi za chini. Idara zilizolazimika kukaza zikakimbiwa, na wahadhiri wake wakapata tathmini mbaya zaidi. Nayo ikaachana na mpango huo mwaka 2019. Cornell ilijaribu uwazi, ikaweka alama ya kati ya kila kozi kwenye mtandao; wanafunzi wakaitumia kutafutia kozi laini.

Dartmouth ilichagua njia nyingine miaka ya 1990: kwenye cheti cha matokeo, kando ya alama ya mwanafunzi, huchapwa alama ya kati ya darasa na idadi ya waliokuwemo. Hapo mhadhiri anabaki huru kugawa A, ila asomaye cheti anaona kama darasa zima lilipata A, au kama mwenye A aliwaacha wenzake kwenye B.