Dhana potofu kuhusu ECG: karatasi ikitoka safi, je, moyo ni mzima?

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi. Kwa muda mrefu alilalamika kwamba moyo "unaruka", anashikwa na kizunguzungu, anakaa chini mpaka hali ipite. Alipopimwa ECG, kipimo kinachosoma umeme wa moyo na kuuchora kwenye karatasi, mara ya kwanza, katika kituo kimoja hapa Dodoma mjini, aliambiwa hana kitu, ni mawazo tu. Akarudi nyumbani na karatasi yake ya pinki yenye miraba, na majirani wakamalizia: katupiwa kitu. Iliniuma sana.

Dhana: ECG ikiwa safi, mapigo ya moyo hayana hitilafu.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi. ECG ya kawaida hunasa mapigo kwa sekunde 10 hivi, wakati moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Hitilafu inayokuja mara mbili kwa wiki itanaswaje na sekunde 10 za Jumanne asubuhi, umelala kitandani umetulia? Kwa hiyo kuna holta: kifaa kidogo kinachoning'inia shingoni au kiunoni, waya zake zimebandikwa kifuani, kikirekodi kwa saa 24 au 48 huku ukiendelea na kazi zako.

Shangazi alikivaa shambani. Alipewa na karatasi ya kuandika kila anachohisi, na saa yake. Aliandika: "Saa 4 na dakika 10, napogoa, umeruka, macho giza." Daktari alipofungua rekodi ya dakika hiyohiyo, alikuta vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kupiga kwa mpangilio. Hali hiyo si ya kupuuza: damu hutuama humo, huweza kuganda, na hatari ya kiharusi hupanda hata mara tano. Nasisitiza hiyo karatasi kwa sababu watu wengi huirudisha tupu. Na usijilaze siku nzima kwa kuogopa waya. Fanya yale yanayokuletea shida, ila usikiloweshe kifaa.

Dhana: Mashine inapiga shoti.

Hapana. Haiingizi umeme mwilini, inasoma ule ambao moyo wenyewe unautoa. Vibandiko ni 10: sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Utakachohisi ni ubaridi wa jeli. Kina mama wanaoona haya kuvua nguo waombe pazia na khanga, ni haki yao.

Dhana: Nimeshapiga eko, ECG ya nini?

Eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: huonyesha umbo lake na vali, yaani milango ya damu iliyomo ndani. ECG husoma umeme wake. Mara nyingi vyote viwili vinahitajika.

Dhana: Ni ugonjwa wa wazee.

Kijana aliyeugua koo utotoni bila kutibiwa ipasavyo anaweza kupata homa ya baridi yabisi, vali zikaharibika, mapigo yakavurugika angali mbichi. Akizimia ghafla au akibanwa na kifua, apelekwe hospitali mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.

Dhana: Karatasi ya zamani ya ECG haina kazi.

Daktari huilinganisha na mpya. Lakini nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, na jua letu la Dodoma mnalijua. Toeni fotokopi mapema. Ya shangazi iko kwenye bahasha, ndani ya sanduku lake la vitenge.