Je, wajua kwa nini mifupa ya pango la Kabwe iliota fuwele za zinki?

Mwaka 1921, wachimbaji waliokuwa wakikibomoa kilima cha mgodi wa Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe nchini Zambia, walikuta fuvu la binadamu wa kale. Vipimo vilivyochapishwa 2020 vinalipa umri wa miaka 300,000 hivi. Habari za fuvu hilo zimesimuliwa sana. Mimi hunivutia zaidi ile mifupa ya wanyama iliyojazana katika pango lilelile, kwa kuwa baadhi yake ilikutwa imevikwa fuwele za kumeta, na fuwele hizo ni za zinki. Mfupa wenyewe una chembe kidogo mno za zinki. Nyingine zote zilitoka wapi?

Tuanze na mwamba. Kilima kile ni cha dolomiti, jamaa ya mawe ya chokaa. Zamani sana, maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipenya humo yakiwa yamebeba metali, yakaziacha zikiwa zimeshikana na salfa. Metali ya risasi ikawa galena, jiwe la kijivu lizito ajabu, ambalo ukiligonga nyundo hupasuka vipande vya miraba kama dadu. Zinki ikawa sfaleriti, yenye rangi ya kahawia au nyeusi. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya udanganyifu, maana wachimbaji wa kale waliidhania galena, wakaiyeyusha, wasipate risasi hata tone.

Mbale hizo, yaani mawe yenye metali, zikikaa chini kabisa, hazina neno. Taabu huanza pale maji ya mvua yenye oksijeni yanapozifikia. Salfa hugeuka tindikali, tindikali huila dolomiti, na mapango huzaliwa. Hapo ndipo ndugu hao wawili, risasi na zinki, wanapoachana. Fikiria betri ya gari: sahani zake za risasi hukaa miaka ndani ya maji ya betri, ambayo ni tindikali ya salfa, kwa sababu risasi hujifunika ngozi ya chumvi isiyoyeyuka kirahisi. Tumbukiza zinki humo uone inavyotoa povu na kuyeyuka. Mwambani ni vivyo hivyo: risasi hubaki karibu na pale ilipokuwa, zinki hushika njia na maji.

Maji hayo yalipochuruzika pangoni yakakuta lundo la mifupa. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na zinki ikikutana na fosfeti haisafiri tena, hugandia hapohapo. Ndivyo zinavyopatikana fuwele za fosfeti ya zinki ziitwazo hopeiti na tarbutiti. Hopeiti ilikwisha kujulikana Ulaya, ila tarbutiti ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Broken Hill, mwanzoni mwa karne ya 20, ikapewa jina la Percy Tarbutt, mkurugenzi katika kampuni ya uchimbaji. Wakusanyaji wa mawe huzithamini mno fuwele za huko.

Mgodi ulifungwa 1994. Vumbi la risasi kutoka kwenye tanuri na malundo ya masalia lilikuwa limetua kwenye mitaa jirani, na tabia yake haikubadilika: hung'ang'ania udongo, mvua haiizamishi mbali. Ndiyo maana miongo kadhaa baadaye ingali pale juu kabisa, kwenye udongo ambao watoto wa Kabwe wanauchezea, na damu yao ikipimwa inakutwa na risasi.