Sheminé ikiondolewa, sakafu hubebwa na nini?

Katika nyumba za zamani za Bukavu zenye sakafu ya mbao, wengi huamini kwamba sheminé (meko ya ukutani ya kuotea moto) ikibomolewa, inatosha kugongomea mbao juu ya pengo. Inaeleweka, maana kwa juu sakafu huonekana nzima. Lakini kwa kawaida boriti za hapo zilikatwa fupi, zikashikwa na boriti moja ya kukingama. Kuziongezea vipande ncha kwa ncha kwa misumari hakubebi uzito. Afadhali boriti mpya ya ukuta hadi ukuta, au kipande kirefu kilazwe ubavuni mwa ile ya zamani, kikazwe kwa bolti.

Ng'oa ubao mmoja, umulike: ncha za boriti zimekalia nini? Zichome kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, zimeoza. Na kama dohani (bomba la moshi la sheminé) bado imesimama juu ya dari, usibomoe chini yake kabla fundi hajaitegemeza.