Vitundu vidogo, lakini bega linauma
Kabla ya upasuaji wa kupitia vitundu vidogo tumboni, wengi huambiwa: "Ni vitundu vinne tu, hutasikia maumivu." Kisha mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo anazinduka, tumbo linavumilika, lakini bega la kulia linamchoma kila akivuta pumzi ndefu. Anadhani alilazwa vibaya.

Mara nyingi chanzo ni gesi. Ili daktari aone vizuri, tumbo hujazwa kabonidayoksaidi. Kule kutanuka, na gesi inayobaki, huusumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ya msuli huo huanzia shingoni, karibu na zile za bega, basi ubongo hudhani bega ndilo linalouma. Kwa kawaida hupungua baada ya siku 2 au 3.

Linalonisikitisha zaidi ni watu kusubiri maumivu yakolee ndipo wameze dawa. Siku za mwanzo, meza parasetamo kwa saa ulizopangiwa. Ibuprofeni mpaka daktari aruhusu, maana inaweza kudhuru figo na kuchochea vidonda vya tumbo. Inuka, tembea taratibu. Ukitaka kukohoa, bana mto tumboni.

Tumbo likizidi kuuma, au ukipata homa, macho ya njano, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, usiseme ni gesi: rudi hospitali upesi.